Printa ya mtandao ina ukurasa wake wa ndani: ufungue kabla hujamwita fundi

#1 Mwalimu_wa_Waya

Wakuu, habari za jioni.

Ijumaa iliyopita niliitwa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ilikuwa inaanza Jumatatu. Printa yao kubwa ya leza, inayokaa ofisi ya taaluma na kutumiwa na kompyuta 6, ilikuwa inasoma "Offline" kwenye kompyuta zote. Mwalimu wa taaluma alikuwa na flashi mkononi yenye mitihani ya masomo 9, na uso umemshuka. Akaniambia tatizo hilo hurudi kila baada ya wiki 2 au 3. Kila likirudi anakuja kijana mmoja, anafuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa), anaiweka upya, analipwa, anaondoka.

Sikugusa draiva. Nilienda kwenye printa yenyewe, nikaingia kwenye menyu, nikachapa karatasi ya taarifa za mtandao. Anwani yake, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ilisomeka 192.168.1.37. Kompyuta zote 6 zilikuwa zinaitafuta kwenye 192.168.1.24. Umeme ulikatika Jumatano, ruta ikazima na kuwaka, ikagawa anwani upya, printa ikaangukia namba nyingine. Printa nzima, waya mzima, draiva nzima. Barua zilikuwa zinapelekwa nyumba ambayo mwenyewe keshahama.

Hela ambayo shule ile imelipa tangu Januari kwa tatizo la namba moja ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Ndani ya kila printa ya mtandao kuna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo ina tovuti yake. Haiko intaneti. Imo humo humo ndani ya mashine, na inaonekana na yeyote aliye kwenye mtandao mmoja nayo. Kila kampuni imeipa jina lake: HP wanaiita Embedded Web Server, Kyocera Command Center RX, Canon Remote UI, Ricoh Web Image Monitor, Epson Web Config, Brother Web Based Management. Majina yasikutishe, kitu ni kile kile. Nimekutana na ofisi zenye printa miaka 5 na hakuna aliyewahi kuifungua hata siku moja.

Kuifungua ni hivi. Chapa ile karatasi ya taarifa kutoka kwenye menyu ya printa, tafuta mstari wa IPv4 (ndipo anwani hiyo ilipoandikwa), kisha uchukue kompyuta au simu iliyo kwenye mtandao huo huo. Fungua brauza, andika namba hizo pale juu unapoandikaga anwani za tovuti, bila www na bila chochote mbele, halafu bonyeza ingiza. Kama printa yako imeunganishwa kwa waya wa USB peke yake na haipo kwenye mtandao, njia hii haikuhusu. Na ukikuta namba zinaanzia 169.254, printa haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Hapo anza na waya, swichi na ruta yenyewe.

Brauza inaweza kukuonya kwamba ukurasa si salama. Sababu ni kwamba cheti cha usalama printa imejiandikia yenyewe, hakuna mamlaka ya nje iliyokithibitisha. Kama namba umeisoma kwa macho yako kwenye karatasi iliyotoka kwenye mashine yako, endelea mbele. Printa za zamani zina shida nyingine: zinatumia TLS 1.0, njia ya zamani ya kulinda mawasiliano ambayo brauza kubwa ziliiacha mwaka 2020, hivyo ukurasa haufunguki kabisa. Jaribu kuandika http:// mbele ya namba badala ya https://.

Pale shuleni niliingia kwenye sehemu ya TCP/IP (mipangilio ya mtandao), nikazima DHCP (utaratibu wa kupewa anwani na ruta), nikaipa printa 192.168.1.200. Ruta ile hugawa kuanzia 2 hadi 150, kwa hiyo 200 hakuna kifaa kitakachopewa kwa bahati mbaya. Sabneti nikaacha 255.255.255.0, na anwani ya ruta nikaijaza ile ile. Kisha kwenye kila kompyuta nikaongeza poti mpya ya aina ya "Standard TCP/IP Port" yenye namba mpya, yaani njia ya Windows ya kuifikia printa. Nusu saa baadaye mtihani wa Historia ulikuwa unatoka.

Lakini kuna jambo lililonitoa jasho, na ndilo ninalotaka mlibebe. Ukurasa ule niliufungua kwa simu yangu, kwenye waifai ambayo hata wanafunzi wa kidato cha sita wana paswedi yake. Bila kuingiza jina wala paswedi, niliona orodha ya kazi zilizochapwa: majina ya mafaili, saa, idadi ya kurasa. Nilipotaka kubadili mipangilio ikaniomba paswedi, nikaweka ya kiwandani, ikakubali. Paswedi hizo zimeandikwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo yeyote anaweza kuvipakua. Kyocera nyingi zilikuja na Admin na Admin. Canon nyingi za ofisini zina 7654321 kwenye namba ya msimamizi na tena 7654321 kwenye PIN. Shule inafungia mitihani kwenye kabati la chuma lenye kufuli 2, halafu mashine inayoichapa iko wazi namna hiyo.

Ulizeni mnachotaka. Nitajibu ninachokijua.

#2 Kijana_wa_Kihonda

Mkuu nimefungua sasa hivi ya ofisini kwetu. Mwaka wa 3 nipo hapa, sikuwahi kujua kuna kitu kama hiki. Tona imebaki asilimia 20 na hakuna aliyekuwa anajua. Asante sana.

#3 MamaSteshenari

Shikamooni wakubwa, wadogo nawasalimu.

Mimi nina steshenari karibu na chuo, Dar es Salaam. Mashine 1 ya leza inayochapa, kutoa kopi na kuskani. Ninauza shilingi 100 kwa ukurasa. Kuna binti ananisaidia, mimi mchana huwa nipo sokoni na mambo ya nyumbani. Fedha jioni hazilingani na rimu za karatasi zinavyoisha. Sitaki kumsingizia mtoto wa watu. Je, huo ukurasa unaweza kuniambia zimetoka kurasa ngapi kwa siku?

#4 Mwalimu_wa_Waya

Marahaba kwa walio wadogo kwangu, na wewe mama shikamoo.

Unaweza, na hii ndiyo kazi ambayo ukurasa huo unaifanya vizuri kuliko zote. Tafuta sehemu ya kaunta, mara nyingi ipo chini ya taarifa za kifaa. Utaona jumla ya kurasa tangu mashine itoke kiwandani, na kwenye mashine nyingi jumla hiyo imegawanywa: zilizochapwa kutoka kompyuta na zilizotolewa kopi. Zilizoskaniwa huhesabiwa peke yake. Hesabu hiyo mtumiaji wa kawaida hawezi kuirudisha nyuma. Andika namba asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, andika tena jioni, toa. Hilo daftari liwe la kila siku, Jumapili nayo kama mnafungua.

Kuna mitego 2 ambayo isipofahamika itakufanya umwonee binti. Kaunta inahesabu pande, haihesabu karatasi. Karatasi 1 iliyochapwa mbele na nyuma ni 2. Kama wateja wa mbele na nyuma mnawatoza pungufu, hesabu ya fedha haiwezi kulingana na kaunta mpaka uitenganishe. Pia karatasi zilizoharibika, zilizotoka na mistari au kukwama na kurudiwa, zinahesabiwa. Mwambie azitunze kwenye boksi hadi jioni mzihesabu pamoja.

Na hiyo asilimia ya tona aliyoitaja kijana wa Kihonda: kama mnajaza tona au mnatumia za bei nafuu, usiiamini sana. Mashine nyingi hazipimi unga uliomo. Zinasoma chipu na kukadiria kwa kurasa zilizopita. Jicho lako kwenye karatasi inayotoka hafifu ndilo la kuaminika.

Kama mashine yako ina kumbukumbu za kazi, zifungue pia. Zitakuonyesha kila kazi ilitoka saa ngapi na ilitumwa na nani.

#5 NyanzaSaiba

Hamjambo nyote, naandika kutoka Kisumu. Niko na saiba ndogo. Watu wanakuja kuskani vyeti na barua za kazi, tunawatumia kwa barua pepe moja kwa moja kutoka kwa mashine. Ilikuwa inatuma bila shida, halafu ikakataa kabisa. Nimeingiza paswedi ya Gmail mara 20 na bado inaniambia uthibitisho umeshindikana. Paswedi ni sahihi, kwa simu inaingia. Nikae na kuskani kwa flashi tu, ama kuna njia?

#6 Mtaalam_Swichi

Kaka wa Kisumu, paswedi yako ni sahihi, na Google wanaikataa makusudi. Tangu tarehe 30 Mei 2022 akaunti za kawaida za Gmail hazikubali tena programu au kifaa kinachoingia kwa jina na paswedi ya kawaida peke yake. Printa haijui kukuletea ule ukurasa wa Google wa kuthibitisha, kwa hiyo inabaki nje ya mlango.

Fanya hivi. Kwenye akaunti ya Google washa uthibitishaji wa hatua mbili kwanza. Kisha tafuta "App passwords", tengeneza moja kwa ajili ya printa. Utapewa herufi 16. Hizo ndizo unazoweka kwenye ukurasa wa printa, sehemu ya SMTP (ya kutuma barua pepe), bila nafasi katikati. Seva ni smtp.gmail.com, poti 587 na STARTTLS, au 465 na SSL. Jina la mtumiaji ni anwani kamili pamoja na @gmail.com, na anwani ya mtumaji iwe hiyo hiyo. Hakikisha pia sehemu ya DNS (seva inayogeuza majina kuwa anwani za namba) kwenye printa imejazwa. Ukiweka anwani ya IP kwa mkono na kusahau DNS, printa itachapa vizuri kabisa lakini haitaweza kuitafuta smtp.gmail.com. Hili linawakamata wengi waliofuata ushauri wa post namba 1.

Na tafadhali usitumie Gmail yako binafsi. Fungua akaunti ya mashine peke yake. Mtu akiingia kwenye ukurasa wa printa kama msimamizi, anaweza kubadili jina la seva ya barua, akaelekeza kwenye kompyuta yake, akabonyeza kitufe cha kujaribu, na printa nyingi zitampelekea paswedi uliyoihifadhi.

#7 NyanzaSaiba

Imetuma! DNS ilikuwa tupu kama ulivyosema, na nimeweka zile herufi 16. Mungu akubariki ndugu yangu. Nimekuwa nikipeleka wateja kwa jirani karibu mwezi mzima.

#8 Mtaalam_Swichi

Karibu sana.

Sasa mleta uzi, nina hoja na wewe. Kuweka anwani kwa mkono ndani ya printa ni njia niliyoiacha. Shule ikibadilisha kampuni ya intaneti, ikaja ruta mpya inayotumia 192.168.8 au 192.168.100, printa yako yenye 192.168.1.200 itapotea kabisa, na hata ukurasa wake hautafunguka. Atakayekuja baada yako hatajua aanzie wapi. Afadhali uache printa kwenye DHCP, kisha kwenye ruta uifungie anwani kwa namba yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe). Kila kitu kinakaa sehemu moja.

#9 Mwalimu_wa_Waya

Mkuu, kwenye ofisi yenye mtu wa mtandao nakubaliana na wewe moja kwa moja. Ruta ikiwa yenu na paswedi yake mnayo, fungieni humo.

Pale shuleni ruta ni ya kampuni ya intaneti. Paswedi yake hakuna anayeijua, na ikileta shida wanaibadilisha kwa nyingine siku hiyo hiyo, na kila nilichofungia humo kinaondoka nayo. Printa inabaki. Ndiyo maana niliweka kwenye printa, nikaandika anwani, tarehe na jina la mahali pa kubadilishia kwenye karatasi, nikaibandika ubavuni mwa mashine kwa selotepu pana. Paswedi sikuibandika. Hiyo ipo kwenye bahasha kwa mkuu wa shule.

Hoja ya DNS kwenye post namba 6 ni ya kweli. Asante kwa kunikumbusha, pale sikuijaza. Jumatatu narudi.

#10 UsalamaKwanza

Nimesoma uzi wote. Naomba niongeze uzito upande wa usalama, maana wengi wanadhani printa haina cha kuibiwa.

Februari 2017 mtu aliyejiita Stackoverflowin alifanya printa zaidi ya 150,000 duniani zitoe karatasi yenye ujumbe wake, akitaka wenyewe wajue kwamba ziko wazi. Novemba 2018 mwingine akafanya hivyo hivyo kwa printa kama 50,000, safari hii akiwaomba watu wamfuate PewDiePie wa YouTube. Kwa sehemu kubwa hawakulazimika kuvunja chochote. Mlango ulikuwa poti kama 9100, ambayo printa hupokelea kazi, na wenye printa walikuwa wameiacha ikionekana kutoka intaneti. Poti 9100 haiulizi jina. Ukiifikia, unachapa.

Kwa hiyo, kwanza kabisa: usifungue poti yoyote ya printa kwenye ruta ili "uitumie ukiwa nyumbani". Nimeona mafundi wakifanya hivyo kwa wateja wakidhani wanawasaidia.

Pili ni paswedi za kiwandani. Juni 2025 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilitangaza kasoro 8 kwenye mashine za Brother na baadhi za kampuni nyingine, jumla modeli 748, kati yake 689 za Brother. Kubwa kuliko zote, iliyosajiliwa kama CVE-2024-51978, ni kwamba paswedi ya kiwandani ilikuwa inatokana na namba ya utambulisho ya mashine (serial number). Anayeijua namba hiyo anaweza kuikokotoa paswedi. Kwa mashine zilizokwisha tengenezwa, sasisho haliwezi kulimaliza hilo, maana paswedi iliwekwa kiwandani. Brother wenyewe wakawaambia watumiaji waibadilishe. Kwa hiyo hata ile paswedi ya kipekee iliyobandikwa nyuma ya mashine, inayoonekana ni salama, ibadilishe.

Tatu, zima usichotumia. Ndani ya ukurasa utakuta FTP, Telnet, LPD, SNMP, njia mbalimbali za kuifikia printa kwenye mtandao, mara nyingi zikiwa zimewashwa kiwandani. Kama hujui kitu ni cha nini, na wewe unachapa tu kutoka Windows na simu, vingi hapo huvihitaji.

#11 Kijana_wa_Kihonda

Wakuu nimekwama. Nimefuata post namba 10, nimezima FTP, Telnet, LPD na SNMP. Sasa kompyuta zote za ofisi zinaonyesha printa ipo "Offline" na bosi ameshaanza kuuliza. Ukurasa wa printa unafunguka vizuri tu. Nimeharibu nini?

#12 Mwalimu_wa_Waya

Tulia, hujaharibu kitu. Windows inapotumia poti ya TCP/IP huiuliza printa hali yake kwa SNMP. Umeizima, Windows inauliza haijibiwi, inahitimisha kwamba printa haipo. Ukurasa kufunguka ni ushahidi kwamba mashine iko hewani.

Una njia 2. Rudisha SNMP halafu ubadilishe neno lake la kuingilia, "public", ambalo ndilo la kiwandani, na uweke neno hilo jipya kwenye poti ya kila kompyuta. Au iache imezimwa, uende kwenye sifa za printa ndani ya Windows, ukurasa wa poti, bonyeza "Configure Port", ondoa alama kwenye "SNMP Status Enabled". Kwa ofisi ndogo ningeenda na hii ya pili.

Siku nyingine ukiwa unazima vitu, zima kimoja, chapa ukurasa wa kujaribu, ndipo uende kingine. Na kabla hujagusa chochote tafuta kama mashine yako ina sehemu ya kuhifadhi mipangilio kwenye faili. Pakua faili hilo, liweke pembeni.

#13 Kijana_wa_Kihonda

Imerudi. Nimeondoa ile alama kwenye kompyuta 4. Ahsante mkuu, nimepumua.

#14 DukaLaKariakoo

Mimi nauza mashine kubwa za mtumba, zinatoka Ujerumani na Uholanzi, nyingine zinapitia Dubai. Napenda kusema jambo kwa wanunuzi na kwa wauzaji wenzangu pia.

Mashine hizi zikifika, fungua ukurasa wake na uangalie kitabu cha anwani. Nimekuta majina na barua pepe za wafanyakazi wa ofisi za watu, seva zao, folda zao. Kwenye mashine zenye diski ngumu unaweza kukuta hata nyaraka zilizohifadhiwa kwenye visanduku. Hizo ni siri za watu wasiokujua. Mimi nafuta zote kabla mashine haijatoka dukani, kwa ile huduma ya kufuta diski pale ilipo. Na sisi wenyewe tukiuza mashine zetu ofisi inapohama, tufanye hivyo hivyo.

Swali langu: baadhi zinakuja na paswedi ya msimamizi iliyobadilishwa na mwenye nayo wa kwanza, na menyu zote Kijerumani. Kubahatisha paswedi kunafaa?

#15 Mtaalam_Swichi

Lugha ni rahisi. Lugha ya skrini na lugha ya ukurasa wa brauza ni mipangilio 2 tofauti kwenye mashine nyingi, na ile ya brauza mara nyingi unaibadilisha pale pale juu bila kuingia kama msimamizi.

Paswedi usibahatishe. Mashine nyingi za ofisi hujifunga ukikosea mara kadhaa. Wanaorudisha mashine ya kiwango hicho kwenye hali ya kiwandani ni mafundi waliofunzwa na kampuni husika, kupitia menyu ya huduma. Gharama hiyo iingize kwenye bei, au umwambie anayekuuzia kwamba huichukui mpaka paswedi ije nayo. Usidanganyike pia na kuingia kwenye skrini ya mashine. Kwa mfano Kyocera M2040dn inakubali 4000 na 4000 kwenye skrini, wakati kwenye brauza ni Admin na Admin. Ni akaunti tofauti. Ukibadilisha moja, ya pili bado iko wazi.

#16 AfisaMasijala

Assalaam alaykum. Niko Unguja, nafanya kazi masijala ya ofisi moja. Nina swali na nina kisa.

Swali: mashine yetu ilikuwa inaskani na kupeleka kwenye folda ya kompyuta yangu. Nimepewa kompyuta mpya yenye Windows 11, nimetengeneza folda ile ile, nimeishea, mashine inakataa.

Kisa ni hiki. Miaka michache nyuma ilipotea barua yenye siri, ikaonekana nakala yake mitaani. Wakubwa wakafungua ukurasa wa mashine, wakakuta kazi ya kurasa 3 iliyotolewa kopi saa 05:40, yaani saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Saa hiyo ofisini hayupo mtu ila mlinzi, mzee wetu aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Akasimamishwa. Alikuwa anakuja kila siku kukaa nje ya geti kwa sababu nyumbani hakujua awaeleze nini. Siku ya 6 mimi nikatoa kopi 1 ya jaribio saa tatu kamili asubuhi, nikafungua ukurasa, ikaandikwa 06:00. Saa ya mashine ilikuwa imeachwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu saa 3. Kazi ile ilitoka saa mbili na dakika arobaini asubuhi, ofisi imejaa watu. Mzee akarudishwa kazini. Naomba kila anayefungua ukurasa huo aangalie saa kwanza, kabla hajasoma kingine chochote.

#17 Mwalimu_wa_Waya

Wa alaykumu s-salaam. Hiki kisa nimekisoma mara 2. Shikamoo zangu umfikishie huyo mzee.

Kwenye mipangilio ya tarehe na saa chagueni UTC+3. Kama printa inafika intaneti, wekeni na seva ya saa, mfano pool.ntp.org, ili saa isiteleze. Mashine ikizima kwa muda mrefu, betri ndogo ya ndani ikiwa imechoka, saa inaanza upya bila kukwambia.

Kuhusu folda: mashine yako ni ya mwaka gani? Zile za zamani zinazungumza SMB1 peke yake, lugha ya zamani ya kushea mafaili ambayo virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipitia. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, lililotoka mwaka huo huo, kompyuta mpya haipokei tena SMB1. Utaona kwenye mitandao watu wanakwambia uiwashe. Usiiwashe kwenye kompyuta ya masijala. Angalia kama kuna sasisho la femwea (programu ya ndani) la mashine yako linaloleta SMB2 au SMB3. Likiwepo, liweke siku umeme umetulia na mashine ipo kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati ya sasisho mashine inaweza isiwake tena. Lisipokuwepo, skani kwa barua pepe kama alivyoelekezwa kaka wa Kisumu.

Kama mashine ni mpya, tatizo huenda ni jina na paswedi. Namba fupi ya PIN unayoingilia Windows haifanyi kazi hapo, printa inataka paswedi halisi ya akaunti. Tengeneza mtumiaji wa ndani ya kompyuta anayeitwa skani, mpe paswedi, mpe ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo moja tu. Windows 11 toleo la 24H2 nayo, kuanzia Pro kwenda juu, inadai kila ujumbe wa SMB uwe na sahihi. Washa kipengele hicho kwenye ukurasa wa printa kama kipo.

#18 AfisaMasijala

Ilikuwa PIN. Nimemtengeneza huyo mtumiaji skani, folda imepokea. Mzee nitamfikishia salamu, anaishi jirani na mama yangu.

#19 MamaSteshenari

Wanangu nimerudi na majibu. Nimeandika kaunta siku 4. Jana asubuhi 48,210, jioni 48,655. Ni kurasa 445. Fedha shilingi 38,000, kwa hiyo 380. Zilizoharibika kwenye boksi 12. Bado 53 sizioni.

Nikafungua hizo kumbukumbu za kazi, baada ya kuangalia saa kama alivyosema ndugu wa Unguja. Saa ipo sawa. Nimekuta kazi 4 ambazo mtumaji wake si laptopu yetu. Binti akanikumbusha kwamba wateja tuliwapa paswedi ya waifai watutumie kazi. Kumbe simu zao zinaiona mashine na wanachapa wenyewe, na binti akiwa na foleni anawapa karatasi zilizotoka akidhani zimeshalipiwa. Nafungaje hapo?

#20 Mwalimu_wa_Waya

Mama, badilisha paswedi ya waifai ya duka leo hii, wajue wewe na binti tu. Kama ruta yako ina waifai ya wageni, iwashe na uwape wateja hiyo. Hakikisha imetengwa na mtandao wa ndani ili mashine isionekane humo. Jaribu kwa simu yako ukiwa kwenye waifai ya wageni: andika anwani ya mashine kwenye brauza, ukurasa ukifunguka bado hujatenga.

Halafu ingia kwenye ukurasa wa mashine, sehemu ya itifaki, uzime AirPrint, na Mopria au IPP kama vipo; hizo ndizo njia ambazo simu huchapia moja kwa moja. Kimoja kimoja, chapa jaribio kila mara kutoka kwenye laptopu. Wateja watume kazi kwa WhatsApp ya duka, binti afungue na kuchapa. Na paswedi ya msimamizi, umeshaibadilisha?

#21 MamaSteshenari

Nimeibadilisha jana usiku, ipo kwenye daftari nyumbani. Waifai binti anaibadilisha sasa hivi nikiwa naandika. Nimemnunulia soda.